Kabla ya kufuta safari, niambie mtalala wapi

Swali: "Shikamoo daktari. Tumelipia siku 5 za mapumziko katika mji mkubwa: mimi, mume wangu na watoto wetu watatu, wa miaka 9, wa miaka 3 na wa miezi 7. Tunaondoka baada ya siku 6. Sasa utabiri unasema wimbi la joto linaingia, mchana nyuzi 39 hadi 41, na kule wameshatoa tahadhari nyekundu. Mume wangu anasema joto ni joto tu, tumelizoea, tutakunywa maji. Mama mkwe anasema ni wazimu kumpeleka mtoto mchanga. Nimebaki katikati. Tufute? Na tukienda, tuishije?"

Marahaba mama, na pole kwa kukesha na simu ukihesabu nyuzi.

Umenitajia joto la mchana, umri wa watoto na maneno ya wakubwa wawili. Hukunitajia chumba. Kipo ghorofa ya ngapi? Kina kiyoyozi? Madirisha yake yanapigwa na jua la asubuhi au la jioni? Mimi uamuzi wangu ungeanzia hapo, maana mchana wa nyuzi 40 unakwepeka: unaweza kujificha, kubadili ratiba, kuingia jengo lenye baridi. Usiku wa joto haukwepeki. Watoto wakishalala kwenye chumba kinachochemka, hamna pa kwenda.

Kwa hiyo jibu fupi ni hili. Mkiwa na chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi pale watoto wanapolala, nendeni, kwa masharti nitakayoyaeleza. Kama hakina, na utabiri unaonyesha usiku hautashuka chini ya nyuzi 24 au 25, tafuteni chumba kingine au sogezeni tarehe. Kwa mtoto wa miezi 7 sitabishana na mama mkwe juu ya hilo, ingawa neno "wazimu" ningelipunguza kidogo.

Nikueleze kwa nini nashikilia usiku. Lami, zege na matofali hunywa jua kutwa nzima, kisha hulitoa polepole baada ya machweo. Mashamba nje ya mji yanakuwa yameshapoa wakati kuta za mjini bado zinatoa joto usoni mwako, na viyoyozi vya majirani vinapuliza hewa ya moto barabarani. Mwili uliobeba joto la mchana unahitaji saa kadhaa za ubaridi ili kulishusha. Ukizikosa usiku wa kwanza, kesho unaanza na deni. Usiku wa tatu ndio watoto wanapoanza kulia bila sababu na wazazi wanapoanza kugombana.

Wimbi la joto la Agosti 2003 liliua takriban watu 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee. Watoto hawakuwa kundi kubwa kwenye hesabu hiyo, na sikutajii ili nikutishe. Nakutajia kwa sababu ya kilichoonekana baadaye: waliokuwa wakiishi chini ya paa moja kwa moja walikuwa hatarini zaidi, na katika usiku mbaya kuliko yote, Paris haikushuka chini ya nyuzi 25. Sasa fikiria vile vyumba vya juu kabisa, vyenye dari la mteremko na mandhari nzuri ya mji, ambavyo wageni hupenda kukodi. Wakati wa kiangazi kikali, hicho ni chumba cha kukwepa. Ghorofa ya kwanza inayotazama ua wa ndani wenye kivuli haipendezi pichani, lakini hapo mtoto atalala.

Leo hii mwandikie mwenye nyumba. Usimuulize "kuna kiyoyozi?" kwa sababu atajibu "ndiyo" na utakikuta sebuleni, au utakuta feni. Muulize hivi: kiyoyozi kipo kwenye chumba gani, kinafanya kazi usiku kucha, kuna vifuniko vya nje vya madirisha, na naomba picha. Vifuniko vya nje vina maana kubwa kuliko mapazia, kwa kuwa hulizuia jua kabla halijagusa kioo. Pazia linalizuia likiwa limeshaingia ndani. Shirika la Afya Duniani hushauri chumba kibaki chini ya nyuzi 32 mchana na chini ya 24 usiku, hasa kukiwa na watoto wachanga au wazee. Zichukue namba hizo mbili na kipimajoto kidogo cha chumbani.

Mkifika, mchana fungeni madirisha na vifuniko vyote, hata kama mnajisikia mmefungiwa kaburini. Fungueni pande zote mbili pale tu nje kunapokuwa na ubaridi kuliko ndani, mara nyingi usiku wa manane hadi alfajiri. Na hapa kuna hatari ambayo watu huisahau wakiwaza joto: madirisha yakifunguliwa usiku kwenye ghorofa, watoto huanguka. Wa miaka 3 ndiye ninayemwogopea. Ondoeni kitanda, kiti na sanduku lolote chini ya dirisha kabla hamjafungua hata mkoba mmoja.

Feni nayo ina mpaka wake. Hewa ikifika nyuzi 40, feni inakuwa inampulizia mtu moto. Chini ya hapo inasaidia, hasa mkilowesha ngozi kwanza kwa kitambaa chenye maji. Wa miezi 7 alale na nepi tu, bila shuka, na feni isimwelekee usoni usiku kucha.

Sasa nije kwa baba na hoja yake ya kuzoea. Mwili kweli hujifunza joto: unaanza kutoa jasho mapema, jasho lenyewe linapungua chumvi, moyo unatulia. Lakini somo hilo huchukua wiki moja hadi mbili, na watoto hujifunza polepole kuliko sisi. Ninyi mnakwenda siku 5. Mtakuwa uwanja wa ndege mnarudi kabla mwili haujamaliza sura ya kwanza. Isitoshe, joto lenye unyevu na joto kavu ni vitu viwili tofauti. Kwenye hewa kavu jasho hukauka kabla hujaliona, mtu anapoteza maji huku ngozi yake ikiwa kavu na kudhani hajatoka jasho. Kwenye unyevu jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi kitu. Aliyezoea moja bado ni mgeni kwa lingine.

Mtoto naye ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake. Siku ya baridi hupoteza joto haraka, na siku ambayo hewa ina joto kuliko ngozi, ngozi hiyohiyo inakuwa mlango wa kuliingiza. Hutoa jasho kidogo kuliko mtu mzima. Halafu angalia ile namba ya utabiri inakopimwa: kivulini, juu ya ardhi kwa mita 1.25 hadi 2. Hicho ni kimo cha kifua chako au juu zaidi. Kigari cha mtoto kinapita kwenye kimo cha goti, juu ya lami ambayo kwenye jua kali inaweza kufika nyuzi 60. Wewe na mwanao mnatembea mji mmoja lakini hali ya hewa yenu si moja.

Na kigari chenyewe nikiseme kwa urefu kidogo, kwa sababu hili naliona kila kiangazi. Mama mwenye upendo anatandaza kitambaa chepesi juu ya kigari ili jua lisimpige mtoto. Ninamwomba aingize mkono ndani, aushikilie pale penye shavu la mtoto, ahesabu hadi ishirini. Huwa hafiki. Hewa mle ndani haizunguki, kitambaa kinafanya kazi ya kioo cha gari, na mtoto aliyelala huwezi kujua kama amelala au ameishiwa nguvu. Tumia mwavuli wa kubana kwenye kigari, acha pande zote wazi, na ikiwezekana weka kitambaa cha pamba kilicholoweshwa mgongoni mwa mtoto. Mbeleko na vibebeo vya kifuani navyo viwe vya dakika chache tu: mmegusana miili miwili yenye nyuzi 37, kila mmoja anampasha mwenzake.

Ratiba. Jua kali na joto kali havifiki pamoja. Jua linakuwa utosini katikati ya mchana, na katika nchi zinazosogeza saa mbele wakati wa kiangazi hiyo huwa karibu saa 7 au 8. Hapo ndipo ngozi inapoungua kwa kasi zaidi. Hewa lakini inaendelea kupata moto hadi saa 10 au 11 jioni. Wazazi wengi hujificha saa 6, kisha saa 9 wakisema "jua limepungua" wanatoka na watoto na kukutana na saa mbaya kuliko zote. Ninyi tokeni saa 12 na nusu asubuhi, mji ukiwa bado unafagiliwa. Saa 4 na nusu muwe mmesharudi au mmeingia ndani mahali. Laleni mchana ninyi wote watano, na baba pia. Tokeni tena jua likishazama. Watoto kulala saa 5 usiku kwa siku tano hakuna ubaya, mtarekebisha nyumbani.

Ratiba hiyo itakupa kama saa 4 za nje asubuhi na 3 za jioni, kwa hiyo chagueni kitu kimoja kwa siku. Vivutio vyenyewe hufungwa siku hizi: Julai 2023 Acropolis, mahekalu ya kale ya Athens, ilikuwa ikifungwa kuanzia saa 6 mchana hadi saa 11 jioni kwa siku kadhaa za wimbi la joto, na mwanzoni mwa Julai 2025 kilele cha Mnara wa Eiffel kilifungwa kwa wageni. Tiketi ya mchana ukiweza ibadilishe iwe ya asubuhi. Na usihesabu muda wa ndani peke yake, hesabu foleni. Foleni ndiyo inayowaangusha watoto, maana wamesimama juani bila kutembea na kila mtu anaona aibu kuacha nafasi yake.

Nakiri lilinikuta mwenyewe, na udaktari wangu wote. Binti yangu alikuwa na miaka 4, nyuzi 37, tulikuwa kwenye ngazi za jumba la makumbusho tumebakiza watu kama thelathini mbele yetu. Alikuwa ameshaacha kulalamika. Nikamwambia mwenzangu, "Angalia leo ametulia." Dakika chache baadaye alikaa chini, uso mwekundu, nikamuuliza jina la mwanasesere wake akaniangalia tu. Tuliacha foleni, tukaingia ukumbini tukiomba radhi, tukamvua nguo, tukammwagia chupa mbili za maji na kumpepea kwa ramani. Alirudi katika hali yake baada ya kama robo saa. Tangu siku hiyo mtoto akitulia ghafla kwenye joto, mimi ndiye ninayeacha kutulia.

Basi ujue unachokitafuta. Uchovu wa joto huja na kichwa kuuma, kichefuchefu, jasho jingi, kukosa nguvu, hasira au usingizi usio wa kawaida, na kukataa kunywa. Mpeleke penye ubaridi, mvue, mloweshe ngozi na kumpepea, mpe maji kidogokidogo. Anatakiwa awe amepata nafuu ndani ya dakika 30. Asipopata, au akichanganyikiwa, akishindwa kuamka vizuri, akitapika mfululizo, akishikwa na degedege, au mwili ukifika nyuzi 40, hicho ni kiharusi cha joto na ni dharura. Pigeni namba ya dharura ya nchi mliko (112 inafanya kazi kote katika Umoja wa Ulaya) na mwanze kumpoza hapohapo bila kusubiri gari: maji mwili mzima, upepo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa shingoni, kwapani na kinenani. Asiyejitambua vizuri asipewe kitu mdomoni. Na msimpe paracetamol wala ibuprofen mkidhani ni homa. Dawa hizo hushusha homa ambayo ubongo wenyewe umeiamuru, ilhali hapa mwili umezidiwa na joto, na figo za mtoto aliyepungukiwa maji hazihitaji ibuprofen.

Kwa wa miezi 7, nepi ndiyo kipimo chako. Saa 6 bila nepi kuloa, mkojo wa rangi nzito, utosi uliobonyea au kulia bila machozi ni sababu ya kumwona daktari siku hiyohiyo. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Kwa kuwa ameshaanza kula, unaweza kumpa maji kidogo kidogo katikati, ila angekuwa chini ya miezi 6 ningekwambia maziwa peke yake, ukiongeza idadi ya kunyonya. Na wewe unayemnyonyesha kunywa kabla hujasikia kiu.

Hao wakubwa msiwaulize "una kiu?" Watasema hapana, wamo mchezoni. Wa miaka 9 anapotembea kwenye joto anywe mililita 100 hadi 250 kila dakika 20, wa miaka 3 mafunda machache kila dakika 15. Maji ya kawaida na matunda yenye maji mengi yanatosha. Pakiti za ORS ziwepo mkobani kwa ajili ya kuharisha au kutapika, na zichanganywe kama pakiti inavyosema, maana vipimo havifanani. Miji mingi ya zamani inakunywesha bure: Roma ina takriban visima 2,500 vya chuma vinavyotoa maji barabarani, vile wanavyoviita "nasoni", na Paris ina vile vya kijani alivyotoa tajiri Mwingereza Richard Wallace tangu 1872. Tafuteni ramani ya visima kabla ya ramani ya vivutio.

Usafiri wa chini ya ardhi usiuamini kwa kuwa tu uko chini. London, njia za kina kirefu kama Central na Bakerloo hazina viyoyozi, na joto la miongo mingi limejaa kwenye udongo unaozunguka mahandaki. Basi lenye kiyoyozi linaloenda polepole ni bora. Makanisa ya kale yenye kuta nene za mawe, maktaba na majumba ya sinema yatakuokoa, mradi usitembee dakika 25 juani kuyafikia.

Mengine nitayapitia haraka. Viwanja vya michezo ya watoto: gusa mtelezo na bembea kwa kiganja kabla mtoto hajakalia, maana chuma na plastiki nyeusi huunguza hadi malengelenge. Losheni ya kuzuia jua iwe ya SPF 30 au zaidi, ipakwe tena kila saa 2, na kwa mdogo nguo nyepesi za mikono mirefu na kivuli ndivyo viwe kinga ya kwanza. Harara shingoni na kwenye mikunjo inatibiwa kwa ubaridi na hewa, na mafuta mazito huizidisha. Mkikodi gari, mtoto asibaki humo hata dakika moja. Ndani ya dakika 10 joto linaweza kupanda nyuzi kama 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii. Mito na mifereji ya mjini inavutia siku hizo, na ndizo siku watu wanazozama. Bwawa lenye mlinzi ndilo la kwenda.

Hukuniambia kama kuna mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu. Kama yupo mwenye selimundu, upungufu wa maji unaweza kumletea maumivu makali, na hapo mimi ningesogeza tarehe bila kujadiliana. Mwenye pumu ajue kuwa alasiri zenye joto na jua kali hewa ya mjini hujaa ozoni, gesi inayowasha mapafu, akae ndani saa hizo. Dawa za mzio zinazosinzisha hupunguza jasho, kwa hiyo usimpe mtoto ili alale kwenye ndege. Na akianza kuharisha siku mbili kabla ya safari, huyo habebeki.

Kuhusu pesa, usianze na neno "futa". Omba kubadilishiwa tarehe kwanza. Wenye nyumba wengi hukubali hilo kuliko kurudisha fedha, hasa ukiwa na siku 6 mkononi. Bima nyingi za safari hazihesabu joto lenyewe kuwa sababu ya kulipa, soma mkataba wako leo na uulize kwa maandishi nini kitatokea tahadhari nyekundu ikiendelea. Utabiri wa siku 6 mbele bado unayumba, ule wa siku 2 au 3 ndio wa kushika. Uamuzi wa mwisho ufanyeni siku mbili kabla, mkiangalia mstari wa joto la chini la usiku, ule ambao kwenye simu huandikwa kwa rangi hafifu na hakuna anayeusoma.

Huyo wa miaka 9 mpeni kazi. Akabidhiwe kipimajoto na daftari, aandike joto la chumba saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Saa 4 usiku ya siku ya kwanza ikisoma 28 na kiyoyozi kimezimika, msisubiri siku ya pili kuona kama itapungua. Piga simu kwa mwenye nyumba usiku huohuo, na asubuhi muwe mnahama.